Kinachoua Turbo za Abdulrahman

Turbo ya tatu ya Abdulrahman ilipokufa niliitoa kwenye injini, nikaiweka juu ya meza ya kazi, nikaitukana. Nikamtukana na aliyeivua kwenye gari bovu huko Japani, nikaitukana na meli iliyoileta. Jirani akafunga dirisha.

Mwaka ule, tisini na sita, kila kijana wa Dar aliyepata gari dogo la mtumba alitaka lifungwe turbo liongezeke kasi, na gereji yangu pale Temeke ndiyo iliyokuwa ya kufungia turbo. Kibao kilisema hivyo kwa rangi nyekundu: TWALIB MFALME WA TURBO. Nilikiandika mwenyewe, kwa hiyo msiniulize nani alinitawaza. Nimefunga turbo nyingi na zote zinapiga mluzi vizuri. Za mtu mmoja tu ndizo zilikuwa zinakufa, na mtu huyo alikuwa mpole kuliko wateja wangu wote. Abdulrahman alikuwa wakala wa kutoa mizigo bandarini, anaishi Mbagala, hajawahi kupandisha sauti. Turbo ikimfia alikuja ameinamisha kichwa kama vile yeye ndiye aliyenikosea.

"Fundi, samahani, imeanza tena kutoa moshi wa buluu."

Samahani! Mteja mwingine angenikunja shati.

Aliyenimaliza ni Gaudens. Huyu alikuwa fundi wa Kinondoni, mtu wa bara mwenye mdomo mrefu, aliyekuwa akija Temeke kununua vipuri na kunywa chai kwenye benchi la Najma muuza chai, mbele kabisa ya gereji yangu, ili anicheke kwa karibu.

"Mfalme," aliniuliza mbele za watu, "hizo turbo unazifunga au unazizika?"

Benchi zima likacheka. Najma alicheka hadi akamwaga chai. Mie hasira zangu ziko karibu, nikaapa pale pale kwamba turbo ya nne ikifa nitakishusha kibao kwa mikono yangu na kwenda kuuza madafu.

"Nitakuwa mteja wako wa kwanza," akasema Gaudens.

Basi nikafunga ya nne. Nilisafisha mirija ya oili hadi ungeweza kunywea uji. Nilibadilisha chujio, nikaweka oili nzuri, nikapima kila kitu mara mbili. Wiki mbili baadaye Abdulrahman akaja ameinamisha kichwa. Moshi ulikuwa bado haujaanza, ila mluzi ulishaanza kukwaruza.

"Leo naondoka na wewe," nikamwambia. "Nataka nione unaifanya nini turbo yangu."

Kama hujapanda gari lake, humjui Abdulrahman. Yule mtu mpole alipoingia Barabara ya Kilwa alikanyaga mafuta nikabaki nimeganda kwenye kiti. Kituo cha Mtoni tulikipita sijakiona.

"Una haraka ya nini, wewe?" nikapiga kelele.

"Nataka nimuwahi mama kabla ya magharibi, fundi."

Nikadhani mama yake. Pale Mbagala akakata kona kuingia kwenye mchanga, akafunga breki mbele ya nyumba yenye mlango wa kijani, na hapo hapo akazungusha ufunguo akazima.

Nilitaka kumzaba kofi. Turbo inazunguka kwa kasi ya ajabu, inaiva hadi inakuwa nyekundu, na kinachoiponya ni oili inayopita ndani yake. Ukizima injini ghafla, oili inasimama, inaungulia humo humo na kuwa masizi, kisha vyuma vinaanza kusagana. Ndiyo maana kila mteja nilimwambia: ukifika, iache iungurume taratibu dakika mbili, halafu zima. Nilifungua mdomo nimwambie tena. Ndipo nikautazama vizuri ule mlango. Rangi ile ya kijani niliipaka mimi.

Sina haja ya kujipamba. Niliteleza kutoka kwenye kiti nikajikunja chini, magoti kidevuni, mtu mzima mwenye ndevu, kwa sababu mama yangu mzazi alikuwa amekaa kibarazani, na mie nilikuwa na miezi minne sijakanyaga pale. Kutoka Temeke hadi Mbagala si safari. Kila wiki nilisema nitapita wiki ijayo, maana nina kazi nyingi, natafuta kinachoua turbo.

"Shikamoo mama," nilimsikia Abdulrahman.

"Marahaba mwanangu. Umekuja?"

"Nimekuja, mama. Mguu unaendeleaje?"

Mguu! Sikuwa na habari ya mguu wowote.

"Uvimbe unapungua. Na Twalib wangu hajambo?"

"Hajambo, mama, anakusalimu sana. Ana kazi nyingi tu. Anatengeneza gari langu."

"Miezi minne? Gari gani hilo bovu namna hiyo, mwanangu?"

Mbele yangu, chini ya boneti, turbo ilikuwa inapoa: tik, tik, tik. Niliuma kola ya ovaroli nikangoja.

Tulipofika mbali na nyumba nikarudi kwenye kiti.

"Umeanza lini mambo haya?"

"Siku uliyonifungia turbo ya kwanza, fundi. Si ulinipa sukari nimpelekee? Nikamkuta peke yake. Nikaona niwe napita."

"Na gari unazima kwa nini?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Nimwamkie mama wa mtu gari linaunguruma? Kwangu naacha dakika mbili kama ulivyosema. Lakini pale siwezi, fundi. Mie si mhuni."

"Basi usipite tena kule." Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu huu huu.

"Sawa, fundi." Akaendesha kidogo. "Utakuwa unapita wewe?"

Alinirudisha hadi Temeke, mie nikijifanya nasikiliza turbo.

Kesho yake Gaudens alikuwa benchini mapema, na Abdulrahman amekaa pembeni na kikombe chake.

"Mfalme, nasikia ulikwenda kufanya uchunguzi. Haya, nini kinaua?"

Wote wakanitazama. Jibu la kuokoa kibao changu nilikuwa nalo, lakini lingenivua nguo mbele ya Temeke nzima. Abdulrahman akaniwahi.

"Kosa ni langu," akasema. "Mie sijui kuendesha. Fundi hana kosa."

Gaudens akamgeukia yeye. Akamwambia aliache gari, akanunue punda, na punda asimzime ghafla. Watu wakacheka, na Abdulrahman akainamisha kichwa akanywa chai yake. Hapo ndipo aibu iliponipanda, nikashindwa kuvumilia.

"Acha kumcheka," nikasema. "Turbo zinafia mlangoni kwa mama yangu. Huyu anakimbia kila jioni akamwamkie, na anazima gari kwa heshima. Anakwenda yeye kwa sababu mie siendi. Miezi minne. Mama ana mguu unaumwa, mie hata sijui ni upi."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Najma aliacha kumimina chai. Gaudens akakiweka chini kikombe chake.

"Mama yangu mimi yuko Bukoba," akasema. "Mwaka wa tatu huu." Habari ya kibao hakuitaja tena.

Jioni ile nilimwomba Abdulrahman ufunguo, yeye akakaa kushoto. Nilipofika kwenye mlango wa kijani sikuzima. Nilikaa ndani ya gari injini ikiunguruma, na mama kibarazani ananitazama, mguu wa kulia umefungwa kitambaa. Dakika mbili zile sitazisahau. Kisha nikazima, nikashuka, nikaenda kuinama mbele yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akaniangalia kuanzia kichwani hadi miguuni, halafu akamgeukia Abdulrahman.

"Mwanangu, huyu uliyekuja naye ni mtoto wa nani?"