Lebo ya Damu

Ofisini walimwita Ufagio, na jina likamkaa. Mpe seva yoyote, ataondoa kila faili isiyo na kazi mpaka ibaki mifupa. Wiki iliyopita wadukuzi waliingia kwenye seva ya benki ya damu, wakatumia kiprogramu kidogo cha kuvuta na kusukuma vitu mtandaoni, kilichokuwemo kwa sababu tu hakuna aliyewahi kukiondoa. Kikulacho ki nguoni mwako. Bosi akaamuru kila kisichohitajika kitoke, na hicho kianze.

Ufagio si mtu wa kufuta ovyo. Alivihamishia vyote kwenye folda aliyoiita Karantini, akajaribu kurasa za tovuti moja moja, ombi la kawaida la damu la majaribio likapita bila shida, akajimiminia chai. Kazi ilimsaidia asimfikirie dada yake, aliyekuwa katika chumba cha upasuaji tangu asubuhi.

Simu ikaita. Alikuwa shemeji yake, mume wa dada.

"Shemeji, huku mambo si mambo. Anavuja damu. Daktari ametuma ombi la dharura, nami niko hapa dirishani kwa mtunza damu. Anasema lebo haijatoka."

"Si atoe tu?"

"Bila lebo hatoi hata tone. Kuna mgonjwa aliwahi kupewa damu isiyo yake. Tangu hapo hasikii la mtu."

Ufagio akaweka kikombe chini. Lebo za maombi ya kawaida mtunza damu huzichapa mwenyewe. Za dharura, seva huzituma moja kwa moja kwenye printa iliyo kando ya majokofu. Ombi la namna hiyo Ufagio hakulijaribu, eti asiwashtue watu bure. Ustaarabu gani huo, alijilaani.

Akaanza kurudisha, na si kimoja kimoja, maana muda huo hakuwa nao. Aliirudisha Karantini yote kwa mkupuo, akabakiza kile kimoja cha wezi.

"Mwambie daktari atume tena."

Alisikia viatu vikikimbia, mlango ukabamizwa, kisha viatu vikarudi.

"Bado, shemeji."

Pembeni mwa skrini mistari ya taarifa za seva ilianza kushuka: wadukuzi walikuwa wakigonga tena, wakijaribu kila mlango. Ufagio alishaelewa. Aliyeitengeneza seva ile alitumia kiprogramu hichohicho kusukumia lebo kwenye printa. Kukirudisha ni kuwaachia wezi panga lao sebuleni. Lakini lisilo budi hutendwa. Akakirudisha.

"Atume tena."

Viatu vilikimbia tena, vikarudi.

"Imetoka," shemeji akasema. "Anafungua jokofu. Ila daktari anasema huenda wakahitaji damu nyingine, na lebo nyingine."

Bosi alikuwa amesimama nyuma ya kiti, macho kwenye skrini.

"Ufagio, si nilisema hicho ndicho kianze kutoka?"

Hakugeuka. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kukiondoa, macho kwenye mistari ya wagongaji.

"Kitatoka, bosi. Dada yangu akishatoka chumba cha upasuaji."

Bosi akavuta kiti, akaketi, akauliza aangalie mistari ipi.