Ndoo ya Sarafu Mia Sita

Saa nane mchana, Jumamosi, Ramula aliitua ndoo juu ya meza ya Haji Hakim pale Bwera, meza ikalia. Ndani mlikuwa na sarafu mia sita za shilingi mia tano: laki tatu kamili, fungu la mwisho la deni. Ikigonga saa kumi na moja hajalipa, shamba la Munkunyu, anakoishi na kulima mama yake mzazi, linakuwa la Haji. Ndivyo mkataba ulivyosema, na mzee Eridadi, mwenyekiti wa kijiji, alikuwa amekaa pembeni na muhuri wake kushuhudia.

Haji Hakim aliuza chumvi na kukopesha pesa. Mtu wa swala tano na riba sita, ndivyo walivyomtania nyuma ya mgongo wake. Aliichungulia ndoo bila kuigusa.

"Mimi nakataa hii."

"Haji, iko kamili. Hesabu."

"Si hesabu. Sheria ya pesa iko. Ya chuma iko na mwisho yake, deni kubwa inalipwa na noti. Leta noti."

Ramula akamgeukia Eridadi, aliyewahi kuwa karani wa mahakama. Mzee akakuna kidevu.

"Anasema kweli, mwanangu. Akipenda kupokea, sawa. Akikataa, mimi siwezi kumlazimisha."

Hasira zilimpanda Ramula hadi machoni. Dawa ya deni ni kulipa, na wahenga hawakusema kwa noti au kwa chuma. Benki zilikuwa zimeshafunga, na Haji alilijua hilo alipoichagua Jumamosi.

Lakini ukweli usemwe, kosa lilikuwa lake pia. Ramula ana choo na bafu la kulipia kule Mpondwe, mpakani na Kongo, na madereva na wapagazi huoga kwake kwa mia tano. Miezi mitatu hakubadilisha hata sarafu moja. Noti humtoka mtu bila kuaga, leo ya shemeji, kesho ya matanga; ila hakuna jamaa anayekuja kukopa ndoo ya sarafu. Akazifungia zote, akajiona mjanja.

Akapanda bodaboda hadi Mpondwe, ndoo mapajani. Duka la kwanza halikuwa na noti. Wakala wa pesa za simu alicheka tu. Saa tisa na nusu akamwona Hilaire, mnunuzi wa chumvi kutoka Kongo, akamshika mkono bila haya.

"Mama, byuma hii nitapeleka wapi?" Hilaire alisema. "Kwetu hakuna mutu anapokea. Noti tu. Na leo niko na siku mubaya. Lori ya chumvi yangu inasimama pale tangu asubui, bapagazi banakatala kushusha. Banasema byuma haiko."

Ramula akaitazama ndoo yake. Wapagazi wa Mpondwe hawaandikwi kitabuni. Gunia likitua, sarafu mkononi, hapo hapo. Zamani waliwahi kuahidiwa kulipwa kwa jumla jioni, na tajiri akavuka mpaka. Tangu siku hiyo hakuna sarafu, hakuna gunia. Sarafu zao huishia bafuni kwa Ramula, naye huwabadilishia manyapara kwa noti, wawalipe tena wapagazi. Miezi mitatu hazikurudi. Sasa zilikuwa zimekwisha sokoni, na zote alikuwa nazo yeye.

"Lori ya nani?"

"Ya Haji Hakim."

Walikwenda mbio wote wawili. Wapagazi walikuwa wamelala kivulini mwa lori, na Jonan, nyapara wa Haji, amesimama na kibunda cha noti kisicho na kazi. Alipoiona ndoo uso ulimchangamka, kisha ukamporomoka.

"Haji amepiga simu sasa hivi," alisema polepole. "Amesema ukija na sarafu, nisiguse."

"Haya. Chumvi ilale hapa," Ramula akajibu.

"Ikilala, mimi nanunua kwa mungine," Hilaire akasema.

Jonan akatazama lori, akatazama saa. Saa kumi na robo. Akamnyooshea Ramula laki tatu, zikiwa bado na ukanda wa karatasi, akazimimina sarafu guniani, na wapagazi wakaanza kuinuka.

Saa kumi na moja kasoro dakika sita, Haji alikuwa ameshaivuta kalamu. Ramula akaweka noti mezani, akihema. Haji akahesabu mara mbili, akitafuta pungufu. Mara ya tatu macho yakamwangukia ule ukanda, na mwandiko wake mwenyewe juu yake: Wapagazi, chumvi. Mkono ukasimama.

"Haji," Eridadi aliuliza, "hii iko noti?"

"Iko noti."

Mzee akaupulizia muhuri, akaugonga. Ramula akakunja mkataba, akauingiza kifuani, akaokota ndoo yake tupu.

"Jumatatu nyapara yako akitaka vyuma," alisema akiwa mlangoni, "mwambie alete noti."