Uso wa Bun-rye Bila Poda

Ma Deok-su alikuwa ameishi na mkewe miaka arobaini na mitatu bila kuuona uso wake mtupu. Bun-rye aliamka kabla yake, akajipaka poda, na usiku alizima taa kwanza. Mzee alidhani ndivyo walivyo wanawake wa Andong, mji wa kwao Bun-rye.

Mwaka huo, majani yalipoanza kupukutika, Bun-rye akawa anahema akipanda ngazi tatu tu za barazani. Deok-su akampeleka kwa Daktari Pyo, tabibu wa mitishamba wa mjini, mwanamke wa makamo asiye na maneno mengi.

Tabibu alimshika kifundo cha mkono, akapima mapigo, akamtazama usoni.

"Mama Hye-ran," akasema, akimwita kwa jina la bintiye, "hapa naona poda tu. Nenda ukanawe."

"Kwani mapigo hayatoshi?"

"Yananiambia nusu. Nusu nyingine iko kwenye rangi ya uso."

"Basi Baba Hye-ran atoke nje."

Deok-su akacheka. "Nitoke? Na watoto watatu tumezaa!"

Bun-rye hakucheka. Akainama, akasimulia kwamba siku ya tatu ya ndoa mama mkwe alisema, mbele ya wageni, kuwa mwanawe kaletewa bibi harusi mwenye uso kama jani la tumbaku. Tangu siku hiyo hakuacha poda.

Mama mkwe alikuwa amekufa zamani. Deok-su akaomba beseni la maji ya uvuguvugu, akapiga magoti sakafuni mbele ya mkewe.

"Hebu lete uso."

Akampangusa taratibu, paji la uso, mashavu, kidevu.

"Kumbe una kidoti hapa! Miaka yote hii umeninyima."

"Nyamaza, mzee wewe," akasema Bun-rye, machozi yakimtoka.

Lakini ngozi ilikuwa ya manjano iliyofifia, na midomo myeupe. Tabibu akamsogeza dirishani.

"Manjano haya ni ya tumbo. Weupe huu ni wa damu kupungua. Choo chako cheusi?"

Bun-rye akakubali. Akakiri pia vidonge vya maumivu ya magoti alivyomeza miezi mingi kwa siri, mara nyingi bila kula.

"Dawa zangu zitasubiri," akasema tabibu, akiandika barua. "Hospitali, sasa hivi."

Kilikuwa kidonda cha tumbo kinachovuja damu, kilichosababishwa na vidonge vile. Aliongezewa damu, akalazwa siku tisa. Deok-su alilala kwenye kitanda kifupi cha jamaa wanaouguza wagonjwa, na kila asubuhi, kabla ya uji wa mchele, alimpangusa uso.

"Leo nina rangi gani?" Bun-rye alimuuliza siku ya sita.

Deok-su akamtazama kwa muda. Mashavu yalikuwa yameanza kuwa na wekundu. Akampigia simu Hye-ran, binti yao aliyekuwa Busan, akasema, "Mama yako ameanza kupata rangi, msikie mwenyewe," akampa mkewe simu.