Masale Kwenye Mzunguko

Jumatano, tarehe 5 Julai 1972. Asubuhi ilikuwa ya baridi na manyunyu, na mlima ulikuwa umefunikwa wote na mawingu.

Tulishuka mjini na mikungu ya ndizi kichwani, mimi na Eliona, jirani yangu tuliyekaa naye dawati moja kwenye darasa la jioni. Tulikuwa tukiuzia pembeni mwa mzunguko wa magari, karibu na soko. Tangu mvua za masika ziishe, Gurdev, fundi mitambo Singasinga aliyezaliwa hapa hapa Moshi, alikuwa akijenga pale chemchemi ya umeme kwa ajili ya Saba Saba. Palikuwa na bwawa dogo la saruji, pampu ya kurusha maji juu, na taa za kijani na njano za kuyapaka maji rangi. Tuliambiwa tutaendelea kuuza pembeni yake. Eliona alifurahi. Alisema watu watakuja kushangaa maji, njaa itawauma, watanunua ndizi.

Asubuhi ile alisimama ghafla hata mkungu ukayumba.

"Mae! Tazama!"

Mimea ya masale ilikuwa imepandwa kulizunguka bwawa lote, na mstari ulipita mbele ya mahali pake pa kuuzia, ukapaacha ndani.

Kwetu Uchaggani masale ndiyo mpaka wa kihamba, shamba la ukoo tunamoishi na kuzika wafu wetu. Aliyeyapanda amesema kwamba ardhi iliyo ndani ni yake. Mtu mwingine hayang'oi, hata akiwa na haki, kwa kuwa ugomvi huo utafika kwa wajukuu. Eliona alikuwa mjane. Kihamba cha mumewe kilichukuliwa na shemeji yake kwa mstari wa namna hiyo hiyo, uliopandwa wakati matanga hayajaisha. Alichobaki nacho cha kulishia watoto ni pale kwenye mzunguko.

Akautua mkungu barabarani, nje ya mstari. Wanawake wengine wakafanya vivyo hivyo, na magari yakashindwa kupita. Mara wakaja mgambo wakiongozwa na Bwana Zaidi, msimamizi wa ujenzi, mtu wa mjini asiyejua mambo ya vihamba. Wakaanza kuipiga mikungu mateke.

"Ingieni huko ndani ya maua!" Zaidi akafoka. "Nafasi yote ile, mmefungwa miguu?"

"Si maua," nikamwambia.

"Ni nini, ukuta?"

"Ukuta tungeuruka."

Gurdev akatoka kwenye shimo la pampu, koleo mkononi. Watu walikuwa wamejaa.

"Kalasinga amejikatia kihamba mjini!" mtu akapiga kelele.

"Atamzika wapi baba yake? Si hapo bwawani?"

"Hawaziki hao, wanachoma!" akasema Filemon, kibarua wake mwenyewe, na watu wakacheka vibaya.

Gurdev akamgeukia. "Baba yangu nilimchoma mwezi wa tatu, Filemon. Na wewe ulikuja, ukala, ukarudia sahani."

Kicheko kikakatika. Kisha akatutazama sisi wanawake.

"Tangu utoto napita mashambani kwenu. Kila shamba lina majani haya. Nikajua mnayapenda! Nimeyafuata mpaka Machame, jana nikayapanda kwa mikono yangu, ili mseme Gurdev naye anatujua."

"Umetujua kama mwizi anavyoujua mlango," Eliona akamjibu.

"Filemon! Ng'oa takataka hizi!" Gurdev akafoka.

Filemon akaficha mikono nyuma. "Mimi nina watoto, bwana."

Zaidi akawaamuru mgambo. Vijana wale walikuwa wa Rombo, Wachagga kama sisi, wakainama wakitazama viatu vyao. Akainama yeye mwenyewe kulishika sale la kwanza, Eliona akamzuia kwa mkono.

"Wewe ukiling'oa, yeye atabaki amepanda. Aliyepanda ndiye ang'oe, na aseme kwa mdomo wake."

"Nisiposema?" Gurdev akauliza. "Nimewaletea maji yanayocheza na taa, mtu asiyejua hata swichi anataka nimpigie magoti?"

Jiwe likapita juu ya vichwa vyetu. Taa moja ya kijani ikapasuka bwawani. Nikasali kimoyomoyo, Bwana, wazuie watu hawa, unizuie na mimi, maana nami nilikuwa nimeshika jiwe. Nikaliacha lianguke miguuni pangu. Nyuma yangu wengine walikuwa wakiokota.

Gurdev aliyatazama mawe yale, akaitazama pampu yake. Akatupa koleo, akapiga magoti kwenye tope. Akayang'oa masale moja moja, akinung'unika kwa lugha yao, na kila alilong'oa alilirusha karibu na miguu ya Eliona. Eliona hakusogea.

"Sasa sema," akamwambia.

Gurdev akasimama, tope likimtiririka ndevuni. Alimtazama Zaidi, akatutazama sisi, akapaza sauti hata wenye magari wakasikia.

"Mbele yako Bwana Zaidi, na mbele yenu wote mnaonichukia: ardhi hii si yangu, wala haitakuwa ya wanangu. Mama huyu atauza ndizi pale pale, na sitamwondoa kamwe. Lakini keshokutwa nitawasha pampu, na maji yakimlowesha, naahidi sitayapunguza hata tone moja."