Makovu ya Karani Polikarpo

Zahanati ya Kibamba ilifunguliwa saa mbili kasorobo, na karani Polikarpo akavua shati kama kawaida yake siku za kliniki, maana makovu mapya huwasha. Chausiku alikuwa wa kwanza kwenye benchi, mwanawe Nassibu mgongoni. Alimwamkia, akageuza macho pembeni kwa adabu, akaeleza kilichomleta: mtoto achanjwe ndui. Ugonjwa umeshaingia nyumba ya pili kutoka kwake, na mikono ya Nassibu ilikuwa laini, haina alama hata moja.

Polikarpo alifungua daftari, akamwambia kwamba Nassibu alishachanjwa tangu Ramadhani.

Halikuwa jambo la siri. Taarifa ya mwezi ilitakiwa mjini kabla ya lori la dawa kufika. Azimio la Arusha lilikuwa bado bichi, na hakuna aliyetaka zahanati yake ionekane inalegalega katika kujenga taifa. Kwa hiyo Polikarpo alichukua orodha za mabalozi wa nyumba kumi, akawapiga tiki watoto wote, mambo yakaisha. Lori likija baadaye linakuta kazi imeshafanyika kwenye karatasi, na dawa inarudishwa mjini kama ziada. Kwa ziada hiyo zahanati iliandikiwa barua ya pongezi, ikatundikwa ukutani na watu wazima wenye akili zao timamu.

Kila tiki ya uongo ilimwotesha Polikarpo kovu. Yalianzia begani, yakashuka mkononi, yakaenea mgongoni, na sasa yalikuwa yanatafuta nafasi mapajani. Mkewe Rosalia alimpaka mafuta ya nazi kila jioni, akilalamikia shuka zinavyochafuka. Mwenyewe hakuugua hata mafua.

Chausiku aliomba mtoto achanjwe tu, dawa si hiyo hapo kwenye lori, limeegeshwa nje. Polikarpo hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga, na kwa mama mwenye mtoto tofauti yake ni ndogo sana. Alimshauri amsubiri mkaguzi.

Mkaguzi Wilbert alifika na soksi zake ndefu hadi magotini. Alimsimamisha Polikarpo dirishani, akayahesabu makovu kwa ncha ya kalamu, akimgeuzageuza kama kitumbua, kisha akalinganisha na daftari. Hesabu ilioana. Alisema Mkoa wa Pwani mzima hajaona kumbukumbu safi namna hii.

Chausiku akamsogelea. "Bwana mkubwa, mwanangu hajachanjwa. Mtazame."

Wilbert hakumtazama mtoto. Alisoma daftari, akamgeuza karani, akagusa chini ya mbavu. "Nassibu wako huyu hapa, mama. Na kovu lake limekomaa vizuri."

"Basi mrudishieni mwenyewe."

"Likitoka hapa mahesabu yote yanaharibika. Na tukimchanja tena, huyo wa pili tutamwandika nani?"

Aliuliza kwa dhati kabisa, akingoja jibu. Lori likawashwa, likashika barabara ya Morogoro na dawa yake, Chausiku akabaki amesimama, akitukana kimoyomoyo matusi ambayo hakujua kama anayajua.

Nassibu alishikwa na homa kabla mwezi haujaandama. Akajaa malengelenge mpaka kwenye nyayo, akafa Alhamisi asubuhi mikononi mwa mama yake. Kwa kuwa aliyechanjwa ndui hawezi kufa kwa ndui, zahanati iliandika malaria.

Baada ya arobaini Chausiku alirudi kliniki. Benchi lilikuwa limejaa akina mama wasiobeba watoto. Waliingia mmoja mmoja, kila mmoja akaonyeshwa mahali pake mwilini mwa karani, akaweka kiganja hapo, akakaa kidogo, akatoka. Mahudhurio hayajawahi kupanda kiasi kile, na mjini walifurahi sana.

Zamu yake ilipofika, Polikarpo aligeuka bila kuambiwa na kuinua mkono ili ubavu uonekane. Kovu lilikuwa dogo, lina joto, lilienea chini ya kidole gumba cha mama huyo. Chausiku alilishika muda mrefu, na hakuna aliyemharakisha. Polikarpo, mkono mmoja ukiwa bado juu, alivuta daftari kwa ule mwingine, akalitafuta jina la Nassibu, na mbele ya jina hilo, kwenye safu ya kliniki ya mwezi huo, akaandika: amehudhuria.