Saa ya Shingoni

Siku ya nne ya matanga, Maman Valérie aliingia uani akiwa amebeba kichwani kitu cha mviringo kilichofunikwa kitenge. Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi walidhani ni beseni la unga, wakanyanyuka kumtua. Kitenge kilipoondolewa, lo, gurudumu la gari! Lilikuwa limesuguliwa likasafika, na ubavuni limepakwa mafuta likang'aa, mithili ya mtoto aliyeandaliwa kwa komunyo ya kwanza.

"Papa Raphaël," Valérie alisema huku machozi yakimlengalenga, "sikukuwa na kitu ingine ya kukuletea. Nilikuchungia iyi. Kamata."

Raphaël alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaliegemeza ukutani. Hakuwa amelia kanisani, wala makaburini walipomshusha mkewe Gisèle. Sasa, mbele ya gurudumu, alilia kwa kwikwi mpaka wanaume wawili wakamshika mabega. Watu wakanong'onezana kwamba maskini, mzee na gari lake. Binti yake Carine alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na sufuria mkononi, akimtazama kwa macho makavu.

Kwa mtaa mzima wa Nguba, Raphaël alikuwa mtu wa magari. Si wa kuyamiliki, maana alimiliki moja tu, bali wa kuyatolea hukumu. Jumapili, mbio za magari zilipoonyeshwa kwenye televisheni ya baa ya jirani, watu walikwenda kumsikiliza yeye zaidi ya kuangalia mbio zenyewe. Alizidharau bila huruma. Magari ya siku hizi, alisema, yanazunguka pale pale mara sabini kisha yanarudi yalikotoka. Huko ni kusaga mahindi, si kushindana. Na hao madereva wanaambiwa kila kitu sikioni: kaza, legeza, kunywa maji. Kwake yeye, gari la mbio halikupimwa kwa nguvu za injini. Lilipimwa kwa makalio ya dereva. Ukiketi ndani yake na usihisi njia inakuambia nini, hilo ni kabati lenye magurudumu, hata kama milango yake inafunguka kuelekea mbinguni. Gari la kweli lina viti viwili vya maana, cha anayeendesha na cha anayemsomea njia, na halibebi mzigo.

"Mihogo inabebwaka mu camion," alipenda kumalizia, akimaanisha lori, na baa nzima ilicheka kila mara.

Lake lilikuwa Peugeot jekundu la milango miwili, alilolitoa ujanani katika ghala la mfanyabiashara wa kahawa na kulifufua kwa mikono yake. Mwaka 1987 wafanyabiashara wa mji walipoandaa mbio za kwenda Uvira, aliingia nalo. Aliyeketi kiti cha pili, daftari magotini na saa ya kupimia mbio shingoni, alikuwa Gisèle, mke wake wa miezi mitatu. Gisèle ndiye aliyemsomea njia: kushoto kali, kulia ndefu, shimo. Walipokaribia Sange ilikuwa siku ya soko, naye akamwambia apunguze. Alipunguza. Wakawa wa pili kwa sekunde kumi na moja.

Kwa karibu miaka arobaini Raphaël alimlaumu mkewe kwa sekunde hizo, na kwa karibu miaka arobaini Gisèle alimjibu vile vile, bila kuinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akichagua: "Lakini watu ya Sange wote walibakia wazima." Saa yenyewe ilihamia shingoni mwa Raphaël na haikutoka tena. Alipima mikate ikiiva, alipima mahubiri ya padri, alipima hata hasira za mkewe, na zile zilizopita nusu saa alizitangaza baani.

Kisha ulikuja wakati ambao wenye bunduki walipita nyumba kwa nyumba wakichukua magari. Kila mtu alitafuta namna. Wengine walitoa betri, wengine walitoa magurudumu wakaliacha gari juu ya mawe. Raphaël aliona hayo ni mambo ya kitoto, maana fundi yeyote angeweza kuazima betri. Yeye na rafiki yake Hugues, fundi mwenziwe tangu ujana, walilichambua lile Peugeot kama kuku wa Noeli. Magurudumu yalitawanywa katika nyumba nne, moja ikiwa ya Maman Valérie. Karbureta ilikwenda kwa Polycarpe katekista, usukani kwa Hugues. Delko, kifaa kidogo kinachogawa cheche za moto ndani ya injini, na ambacho kikikosekana injini ni chuma tu, alikabidhiwa Usman, muuza vipuri wa Nyawera ambaye ukoo wake ulitoka Uvira. Wenye bunduki walikuja mara mbili. Walilitazama lile ganda, wakacheka, wakaenda zao. Raphaël alijipongeza kwa miezi kadhaa.

Mji ulipotulia kidogo na magari kuanza kuonekana tena barabarani, Gisèle alimwambia, "Papa Carine, rudisha gari yetu. Mi niko nachoka na huu mulima."

"Ngoja kwanza," alijibu. "Bado."

Alimwambia hivyo mwezi wa sita, akamwambia tena mwezi wa nane. Siku moja ya kazi ingetosha. Vipande vyote vilikuwa karibu, cha mbali kabisa mwendo wa nusu saa kwa miguu. Raphaël alijiambia kwamba anahofia wenye bunduki, na hofu hiyo haikuwa ya uongo. Lakini kulikuwa na jambo jingine alilolijua moyoni: alikuwa ameanza kupenda kulifikiria gari lake likiwa limelala salama, bila tope, bila mkwaruzo, bila mtu wa kuligusa.

Jumapili moja ya mvua, Gisèle alishika kifua akaanguka karibu na jiko. Waendesha pikipiki walikuwa wameukimbia mlima kwa sababu ya utelezi, na wa teksi hawakupokea simu. Majirani walimketisha kwenye kiti cha plastiki, wakakifunga kwenye miti miwili, wakampandisha hospitali hivyo, wanne wanne kwa zamu, wakiteleza na kuinuka. Raphaël alitembea pembeni akimshikia mwavuli. Kwa gari, njia ile ilikuwa ya dakika saba. Alikwisha kuipima mara nyingi. Walipotoka getini mkono wake ulibonyeza saa kwa mazoea tu, na walipofika ukabonyeza tena, bila yeye kuuamuru. Dakika hamsini na moja. Daktari alisema ni moyo, akasema mgonjwa amechelewa kufikishwa.

Carine, mtoto wao pekee, ni muuguzi huko Katana. Alifika kesho yake, akamlilia mama yake, kisha akaketi mbele ya baba yake akauliza lile ambalo muuguzi yeyote angeuliza.

"Papa, mulichukuaka dakika ngapi kufika?"

Mtu aliyekumbuka kila sekunde ya mbio za mwaka 1987 aliinamisha kichwa.

"Sikuangalia saa."

Carine aliitazama ile saa iliyoning'inia kifuani pa baba yake. Hakuuliza tena, na tangu hapo hakuzungumza naye ila kwa mambo ya lazima, kama chumvi na viti vya wageni.

Basi baada ya gurudumu la Maman Valérie, mengine yalifuata. Huku hakuna anayependa kwenda matangani mikono mitupu, na kila aliyetunza kipande alikuwa ameona vyema kumpelekea Raphaël kile alichokipenda. Jioni ile, magurudumu manne yalikuwa yamepangwa ukutani. Polycarpe alileta karbureta ndani ya kikapu cha sadaka. Hugues alileta usukani. Usman aliingia wa mwisho, kofia mkononi, akampa delko iliyofungwa katika taulo jeupe.

"Pole sana, Papa Raphaël. Mungu amulaze pema."

Carine alisimama mbele ya ule ukuta kwa muda mrefu.

"Hivi bipande byote bilikuwa hapa tu?" aliuliza. "Mu hii muji?"

"Byote," alisema baba yake.

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Gari uliichunga vizuri, Papa," alisema Carine. Kesho yake asubuhi alirudi Katana bila kuaga.

Majuma mawili Raphaël hakugusa kitu. Alikunywa chai mbele ya vile vyuma akaviona vinamchukia, naye akavichukia. Alifikiri kuviuza, akafikiri kuvitupa ziwani. Ule mtaa ulizidi kuwa mkimya kwake. Hata Jumapili alipoipita baa, wenyewe walipunguza sauti ya televisheni kwa heshima, na heshima hiyo ilimuumiza kupita dhihaka. Hatimaye alichukua spana. Hugues alipokuja kumsaidia, alimkuta ameinama mlangoni, akifungua kiti cha abiria.

"Uko nafanya nini? Ile njo kiti ya Gisèle."

"Najua ni ya nani."

"Raphaël. Gari ya mbio bila kiti ya pili?"

"Mutu mugonjwa haikalake. Analalaka."

Hugues alitazama ndani. Kiti kidogo cha nyuma kilikwisha kutolewa, na pembeni kulikuwa na godoro jembamba lililokatwa kwa kipimo, kuanzia chini ya dashibodi hadi nyuma kabisa. Alitaka kutania, maana wamezoeana hivyo. "Si wewe ulisemaka mihogo…"

"Nilisemaka mengi," alisema Raphaël. Parafujo ya mwisho ilikuwa na kutu, ikamtoa damu kidoleni. Kilipong'oka, walikibeba kiti wawili, wakakiweka barazani chini ya paa. Ngozi yake bado ilikuwa na bonde pale alipokuwa akiketi Gisèle. Hugues aliuona mkono wa rafiki yake ukilipapasa lile bonde, akaenda kunawa mafuta ya injini ingawa kazi haikuwa imekwisha.

Carine alirudi kwa misa ya kumaliza kilio. Watu walikula, wakaimba, wakaondoka, na alasiri wakabaki wawili uani. Alikiona kiti barazani, akasimama. Alikwenda kwenye gari, akafungua mlango, akalitazama lile godoro na mto uliovalishwa foronya ya mama yake. Baba yake alisubiri maneno makali, na aliona ni haki yake kuyapata. Carine alivua viatu, akaingia, akajilaza chali.

"Washa," alisema.

Injini iliitika mara ya kwanza, ile sauti nene ambayo Raphaël alikuwa akiisifu baani kama mwimbaji wa kwaya. Sasa aliisikia akatamani imkatalie. Getini, mkono wake ulibonyeza saa.

Alipanda mlima kwa gia ya pili. Kutoka chini, Carine hakuiona njia, ila aliihisi mgongoni, akawa anamwambia. "Punguza, kichwa kinagonga." Akapunguza. "Hapa nateleza upande wa mulango." Akaipinda kona taratibu, kwa upana, kama ambavyo hakuwahi kuipinda kona yoyote maishani mwake. Watu waliokuwa wakipanda kwa miguu walijibana ukingoni kulipisha lile gari jekundu, wengine wakapunga mikono, wakidhani mzee amerudia furaha zake.

Mbele ya geti la hospitali alisimama, akabonyeza saa. Mlinzi alisogea, akamtambua, akarudi kibandani mwake.

"Ngapi?" Carine aliuliza.

"Neuf minutes. Dakika tisa."

Injini ilinguruma polepole. Raphaël alitazama mbele, kwenye ngazi ambako majirani wanne walikitua kile kiti cha plastiki, matope yakiwa yamewafika magotini.

"Na ile siku?"

Alivua ile saa. Ilimkwama sikioni, kisha akaipitisha nyuma bila kugeuka, mpaka akahisi vidole vya binti yake vikiipokea.

"Cinquante et une," alisema. "Hamsini na moja."

Alisubiri kusikia mlango ukifunguka. Alisikia Carine akilia, kilio cha chini kilichozibwa na mto, na hakujua kama anaruhusiwa kugeuka, kwa hiyo hakugeuka. Machozi yake mwenyewe yalimdondokea kwenye usukani. Mlango haukufunguka.

Muda ulipita ambao hakuna aliyeupima. Kisha sauti ikamjia kutoka chini, imekauka, lakini iko pale pale alipokuwa akiisikia sauti nyingine zamani.

"Geuza gari, Papa. Ku kona ya kwanza, polepole."

Raphaël alitia gia, akaanza kupunguza mwendo kabla hata hajaiona kona.