Pembe Nne za Taulo

Bahari sijaiona mpaka leo, na siku hizi hata hamu ya kuiona sina. Lakini kuna mwaka niliitengenezea taulo. Mimi Priska, fundi cherehani wa Kikuyu, Dodoma mjini, ambaye maji mengi kuliko yote niliyowahi kuyaona ni ya bwawa la Hombolo, nilijiona najua watu wanaolala mchangani wanahitaji nini. Nikikumbuka nacheka, ila si kicheko kizuri.

Aliyeniingiza kwenye hayo ni Salma. Alisoma chuo hapa, akapanga chumba nyumba ya pili kutoka kwangu, nikamshonea magauni miaka mitatu. Alipomaliza akarudi kwao Pangani, akapata kazi ya kusimamia nyumba ndogo ya wageni iliyo ufukweni. Mwezi wa sita akanipigia kulalamika, kama kawaida yake. Wageni wakitandika taulo, upepo unazibeba. Wakizikung'uta, mchanga haubanduki, wanaingia nao mpaka kitandani, na anayesemwa ni yeye.

"Dada Priska, huwezi kunibunia kitu? Wewe si fundi?"

Ningekuwa na akili ningemwambia siwezi. Lakini upepo na vumbi, jamani, nani wa kunifundisha mimi? Hapa kwetu mwezi wa saba upepo unamvua mtu kilemba barabarani. Nguo ukiianua bila kuikung'uta, unavaa udongo. Nikamwambia asubiri wiki mbili.

Kazi yenyewe niliipenda, siwezi kudanganya. Mtu akishona sare na suruali za ofisini miaka kumi na tano, akipata kitu cha kufikiria anajisikia kijana. Juu niliweka kitambaa cha taulo, chini bitana, ile inayoteleza ya ndani ya makoti, ili mchanga usipate pa kushika. Nikaweka na kitanzi cha kutundikia. Kisha kila pembe nikaishonea mfuko mdogo wa kutia uzito, na hapo ndipo paliponisumbua. Nilianza na kokoto; nilipoikung'uta taulo, pembe moja ilinipiga sikioni mpaka nikakaa chini. Nikajaribu mchanga, ukavuja kwenye mshono. Maharage nayo yalifanya pembe ionekane kama ina jipu.

Ndipo nikakumbuka dumu lililokuwa uvunguni mwa kitanda changu.

Lilikuwa la mama. Mama yangu Anastazia anakaa Haneti, analima uwele, na miaka miwili mfululizo mvua ilianza vizuri ikakata njiani. Mwaka wa kwanza alipanda mbegu nyingi, zikakauka. Wa pili akapanda kidogo, zikakauka. Iliyobaki, dumu moja la lita kumi, akaileta mjini kwangu ameichanganya na majivu, mdomo wa dumu ameuziba kwa nta.

"Nikikaa nayo nitaipika," aliniambia. "Juzi nimeshabandika maji jikoni, nikajishtukia."

Akanieleza habari za mbegu ile. Ilikuwa ya mama yake, na ya mama wa mama yake. Suke lake lina ndevu ndefu, ngumu kama brashi ya viatu, na ndege aina ya kwelea wakitua linawachoma, wanahama. Watu wengine kijijini waliiacha zamani, wakachukua mbegu za dukani zinazowahi kukomaa. Mwenye ile alibaki yeye peke yake. Aliyasema hayo akiwa amekaa kwenye kiti cha wateja, nami nikiitikia "ndiyo, mama" huku naingiza uzi kwenye sindano. Nilimsikiliza kwa sikio moja.

Basi nikachota kopo la nusu lita, nikapepeta majivu, nikajaza pembe nne. Uwele ulikaa mle utadhani uliumbwa kwa kazi hiyo. Mzito wa kutosha, unatiririka, na ukikugonga hauumizi. Niliitandika taulo uani. Upepo ukaja, ukainua katikati, pembe zikatulia. Nikaimwagia vumbi, nikaikung'uta mara moja, ikawa safi. Nikailoweka kwenye beseni, nikaikamua, nikaitundika. Uji wangu haujachemka, taulo imekauka, na uwele unalia ndani kama njuga. Jua letu ndivyo lilivyo. Tangu nizaliwe sijaona nguo iliyokataa kukauka, kwa hiyo halikunijia kabisa kwamba nguo inaweza kukataa.

Nikatuma ya mfano. Salma alipiga vigelegele kwenye simu, akasema wageni wanaigombea, nimshonee nyingine kumi na tisa. Nikashona. Kila nilipochota nilijiambia maneno ya kujifariji: mbegu ya miaka yote hii itakuwa imeshakufa; mama akitaka, uwele umejaa soko la Majengo; mbegu ni mbegu tu. Taulo ya mwisho niliijaza kwa kuliinamisha dumu na kuligonga kitako. Nilikuwa naimba. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote, kwamba nilikuwa naimba.

Katikati ya mwezi wa kumi na moja mama akapiga kwa simu ya jirani yake, Cornel. Alikuwa ameshaberega, shamba limesafishwa na takataka zimechomwa, linangoja mbegu. "Mawingu ya mwaka huu si ya kitoto," alisema. "Niletee dumu langu Jumamosi."

Nilimpigia Salma hapohapo. Nilitaka taulo moja tu, hata pembe moja.

"Dada Priska, na mimi nilikuwa nakutafuta," alisema, na sauti yake haikuwa na ule uchangamfu. "Hizi taulo zako zimetuaibisha."

Akanieleza. Kwao nguo nene haikauki kama kwetu. Hewa yenyewe ina maji. Walizifua, wakazianika kutwa nzima, juu zikawa kavu, lakini kwenye zile pembe kulibaki unyevu ambao bitana iliufungia ndani. Wakazikunja, wakaziweka kabatini. Wiki ile wageni hawakuwapo. Walipofungua kabati, harufu iliwarudisha nyuma. Uwele wa taulo zilizokuwa chini ulikuwa umeoza. Wa taulo za juu ulikuwa umetoboa mshono na kutoa vichipukizi vyeupe. Zilizooza wakazichoma moto. Zile nyingine wakazitupa nyasini nyuma ya jiko, mvua ikazinyeshea siku nne.

"Nikupe picha uone mwenyewe."

Picha ikaja. Taulo zangu zimetandazwa chini, na kwenye kila pembe kumesimama kichaka cha majani, kijani kibichi, kimenona. Sijawahi kuona uwele umeota vile Haneti, hata mwaka wa neema. Nilimwambia azichukue taratibu na udongo wake, apande popote, nitapanda basi nije.

"Dada, hiyo picha ni ya juzi. Mbuzi wa jirani wameshapita hapo. Hamna kitu."

Nikakaa kwenye cherehani mchana kutwa bila kushona.

Ijumaa nilienda Majengo, nikanunua uwele, nikauchanganya na majivu ya jiko langu, nikautia kwenye dumu lilelile na kuziba mdomo kwa mshumaa niliouyeyusha. Niliifanya kazi hiyo kwa ustadi kuliko nilivyowahi kushona nguo ya bibi harusi. Jumamosi nikafika Haneti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbukwa, mwanangu. Umeleta?"

Macho yake yalikuwa yameingia ukungu miaka mingi, anaona mwanga na rangi tu. Alibandua nta kwa ukucha, akaingiza mkono, akatoa uwele kidogo, akauzungusha kiganjani. Akatia punje mbili tatu mdomoni, akatafuna polepole. Nilisimama pale nimeshika mkoba wangu kifuani.

"Ndiyo hii?" akauliza.

"Ndiyo hiyo, mama."

Kisha akachukua jembe.

Mvua ya mwaka ule ilinyesha kwa mpangilio, utadhani kuna mtu aliyeisimamia. Uwele ukaota, ukarefuka, ukatoa masuke mazuri, laini, yasiyo na unywele hata mmoja. Mwezi wa nne, punje zikiwa bado za maziwa, kwelea wakaja. Cornel alinipigia asubuhi akasema wametanda mpaka jua limefifia. Mama alikuwa shambani tangu alfajiri anapiga debe na kupiga kelele. Siku ya tatu alijikwaa akaangukia nyonga, na ndege hawakungoja ainuke.

Nilimkuta amelala ubavu, kitanda kimesogezwa karibu na mlango ili ausikie upande wa shamba. Hakukuwa na cha kusikia. Mabua yalikuwa yamesimama na vichwa vitupu. Nikamkanda kwa maji ya moto, nikamlisha uji uliotoka kwenye unga niliokuja nao kutoka mjini. Alikunywa nusu.

"Ile yangu ndege hawali," alisema.

Nikamfuta mdomo kwa pindo la khanga.

"Ile uliyoleta nilijua siku ileile. Yangu ukiitafuna inaacha uchungu kidogo nyuma ya ulimi."

"Sasa mbona hukusema, mama?"

"Ungenijibu nini?"

Alisema bila hasira, na afadhali angenitukana. Nililia pale kitandani kama mtoto, mwanamke mzima wa miaka arobaini na mbili. Nikamwambia mbegu yake niliipeleka pwani. Akauliza kama niliiuza. Nikasema niliitia kwenye taulo, ili zisipeperushwe na upepo. Hilo halikumwingia. Alikunja uso kama mtu anayesikia lugha ngeni, akaliacha lipite.

"Huko pwani ilikufa?"

Nikatoa simu, nikaitafuta picha ya Salma, nikaikuza mpaka taulo hazikuonekana tena, yakabaki majani. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza hadi pua ikagusa kioo. Alikaa nayo hivyo muda mrefu, akiielekeza kwenye mwanga wa mlango.

"Kijani," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Imeota."

"Imeota."

"Mimi nilikuwa na hofu imefia dumuni." Alitabasamu, na tangu nilipofika alikuwa hajatabasamu. "Huko mvua ipo?"

"Ipo nyingi."

"Basi itazaa. Nani anaipalilia?"

Nje mabua yalikuwa yanagongana kwa upepo. Nilitaka kumwambia habari za mbuzi. Naapa nilifungua mdomo kwa nia hiyo.

"Yuko dada mmoja," nikasema. "Anaitwa Salma."

"Mwambie apunguze miche, kila shimo abakize mitatu. Na akivuna asile yote. Aniwekee ya mbegu, hata kibaba kimoja."

Nikamwambia nitamwambia.